Dakika Tatu za Saa ya Dhahabu

Siku moja naikumbuka kwa mgongo kuliko kwa kichwa, mwanangu, na tangu uliponijia juzi na malalamiko yako nimeona nikuandikie. Umenunua saa ya mkono ya fahari, unaivaa hata ukila wali, halafu umenuna kwa sababu kila siku inakimbia mbele kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Unataka kuirudisha dukani. Tulia kwanza. Mimi niliwahi kukaa na saa ya dhahabu hasa, na kwa ajili yake nusura nimuue baba mkwe wangu.

Ilikuwa enzi za Mdachi, muda mfupi kabla ya vita vya Maji Maji. Nilikuwa nimeoa juzijuzi, naishi kando ya mto Kilombero, chini kidogo ya Ifakara. Wenzangu walikwenda upagazi hadi pwani. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni, na njiani nilipumzika. Lakini mapadri walikuwa wamenifundisha kusoma maandishi na kusoma saa, na hiyo ndiyo iliyoniokoa na jembe. Akida wetu, aliyewekwa na Wadachi atusimamie, alipewa saa ya mfukoni na mkubwa wake wa bomani. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru, hivyo akanitafuta mimi nimsomee.

Kazi yangu ilikuwa kuitia ufunguo kila asubuhi, na ikifika kumi na mbili nigonge kipande cha chuma kuwaita watu kwenye shamba la pamba. Pamba hiyo haikuwa yetu, jasho ndilo lililokuwa letu. Aliyefika baada ya chuma aliandikwa. Aliyeandikwa mara tatu alichapwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano.

Siku ya kwanza tuliitia majira jua lilipochomoza, kumi na mbili barabara. Siku ya tatu nikaona jambo. Jua lilichomoza, na saa ilikuwa imeshapita kumi na mbili kwa dakika chache. Nikapima tena na tena. Dakika tatu kila siku, bila kuongeza wala kupunguza. Nikamwambia akida, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Bwana, naona saa inatangulia kidogo."

"Hii ni dhahabu," akasema. "Dhahabu haisemi uongo. Au wewe umetengeneza saa ngapi huko kwenu?"

Nikacheka pamoja naye. Kesho yake nikaitia ufunguo kama kawaida. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata ubusu, na mimi niliubusu mpaka midomo ikachubuka. Kivuli cha baraza la akida kilikuwa kitamu, mwanangu.

Basi haba na haba hujaza kibaba. Siku ishirini zikapita, dakika tatu tatu zikawa saa nzima. Nilikuwa nagonga chuma nyota bado zipo. Na kutoka je? Hapo saa haikuulizwa. Kuingia tuliingia kwa saa, kutoka tukatoka kwa jua likizama. Saa ile nzima iliibwa kila siku, na aliyegonga chuma ni mimi.

Baba mkwe wangu, Mzee Mponda, alikaa ng'ambo ya mto. Alivuka kwa mtumbwi, na hakuna mtu mwenye akili anayevuka mto ule gizani, mamba wakiwa hawajashiba. Alisubiri mapambazuko kama alivyosubiri baba yake. Akaandikwa mara ya kwanza. Akaandikwa mara ya pili. Asubuhi ya mara ya tatu akida akasema, "Afanye kazi kwanza. Jioni tukimaliza, alazwe chini." Mzee alikuwa mkavu kama ufito. Hamsa ishirini zingemmaliza kabla ya kufika kumi, na kila mtu shambani alilijua hilo.

Mchana tulipopumzika alikuja akaketi karibu nami, akanipa mgongo. Heshima ya ukwe kwetu haikumruhusu mzee amkemee mkwewe uso kwa uso. Akaliegemeza jembe lake mbele yake, akaanza kusema nalo.

"Jembe langu, kuna mtu hapa anailisha saa kila asubuhi. Mlisha mnyama hujua tabia yake. Hebu muulize, mnyama huyo mkweli?"

Nami nikaliambia jembe, "Mwambie baba, inakimbia. Dakika tatu kila siku."

"Muulize amejua tangu lini."

"Tangu siku ya tatu, baba."

Akapangusa udongo kwenye mpini. Kisha akasema, "Jembe langu, mwambie binti yangu nilidhani nimemwoza kwa mwanamume. Anisamehe. Uzee unaharibu macho." Akainuka, akarudi kupalilia.

Nimetukanwa na watu wengi, mwanangu, na mkeo akiniona nimelala mchana ananiongezea. Lakini hakuna aliyenipiga kama jembe lile.

Jua likaanza kushuka upande wa milima ya Udzungwa. Nikaitoa saa mfukoni. Ilipofika kumi na mbili kamili, jua lingali juu, kama mkono mzima kutoka milimani, nikainuka, nikagonga chuma kwa nguvu zangu zote. Watu wakaacha kazi, wakatazama mbinguni, wakanitazama mimi.

Akida akatoka mbio barazani. "Nani amekuambia ugonge?"

"Saa, bwana. Kumi na mbili. Dhahabu haisemi uongo."

"Huoni jua liko wapi?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti kutoka kwenye pamba, "Basi jua limechelewa, Bwana Akida! Liandike nalo! Likifikisha mara tatu lichapwe!"

Kicheko kikaruka kutoka tuta hadi tuta. Mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia kama ile saa. Nikasema, "Bwana, kama saa ni kweli, kazi imekwisha. Kama jua ndilo kweli, basi hakuna aliyechelewa asubuhi, na huyu mzee hana kosa. Chagua moja. Mawili huyapati."

Mzee Mponda akalitua jembe chini. Hakulitupa, alilitua taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Aliyefuata akatua lake, na wa pili, mpaka shamba zima likawa na watu waliosimama mikono mitupu. Askari walikuwa wawili. Akida alihesabu kwa macho yake mabovu, akaona vizuri.

Mzee akaachwa. Lakini jioni ile ilikuwa lazima alazwe mtu, basi nikalazwa mimi. Nilihesabu mpaka kumi na tisa, hesabu ya mapadri ikaniishia hapo. Hivyo nikapata nilichokitamani siku zote, kulala nyumbani mwezi mzima, ila kifudifudi. Kesho yake akida aliirudisha saa nyuma kwa mkono wake mwenyewe, jua likichomoza. Mke wangu alinihadithia huku akinikanda, na alikuwa anacheka.

Vita vikaja. Tuliikataa saa kwa kuipima, lakini dawa ya maji, iliyosemwa itageuza risasi kuwa maji, wengi wetu hatukuipima, na tulilipa. Mzee Mponda alichukuliwa na njaa iliyofuata vita, maghala yalipochomwa. Kiboko hakikumpata. Hilo sitaacha kulisema.

Sasa sikiliza. Usiirudishe saa yako. Chombo cha magurudumu na kamani, ile springi ya ndani, hakijawahi kuwa jua. Joto linakibadili, ukikilaza chali kinakwenda hivi, ukikivaa kinakwenda vile. Usiidai isikosee kabisa. Idai ikosee kiasi kilekile kila siku, uijue, kisha uirekebishe bila kuona haya. Itie ufunguo wakati uleule, na kila juma ilinganishe na kitu usichokimiliki. Mwenye saa inayokosa kidogo na kukubali kusahihishwa hana hasara. Mwenye hasara ni yule asiyetaka kuambiwa.

Na atakapokuja mtu, mwanangu, awe na dhahabu, cheo au bunduki, akakuambia kipimo chake hakikosei, usimpinge kwa kelele. Mwombe mtoke kazini kwa kipimo hichohicho. Ukiwa wewe ndiye mshika chuma, usingoje jembe la mkweo liseme.

Mungu akupe jicho la kuiona dakika ya kwanza inapopotea, akupe na mgongo mpana kuliko wangu. Na popote watu watakapotua majembe yao, akukute umesimama nao.