Divai ya Meza Gani?

Nilipopata kazi kwenye duka jipya la Kawangware, nilirudi nyumbani Laini Saba karibu nikimbie. Duka lilikuwa likileta mvinyo mwekundu kutoka shamba moja dogo la Uhispania, na bosi alinichagua mimi niwaeleze wateja habari zake. Mizabibu yenyewe niliiona kwenye picha: mifupi, imepinda, imesimama kwenye mawe matupu. Niliipenda papo hapo. Mama aliponiuliza nitauza nini, nilimjibu kwa furaha, "Divai."

Kumbe neno moja lina meza mbili. Kanisani kwetu divai ni ya meza ya Bwana tu. Nyingine yote ni pombe, na pombe ndiyo iliyommaliza baba. Mama aliapa pesa ya pombe haitanunua hata unga nyumbani kwake. Basi akadhani nauza ile ya meza ya Bwana, na Jumapili akasimama kutoa ushuhuda kwamba mwanawe anahudumia makanisa. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa kazini, sijui hili wala lile.

Nilijua siku alipotokea dukani na akina mama wawili wenye sare za kanisa, wamekuja kuiombea kazi yangu. Siku yenyewe, mwenye shamba alikuwa amefika kutoka Uhispania. Wateja walishika glasi, wakaonja, wakatema kwenye ndoo, maana ukimeza kila unachoonja hutamaliza umesimama.

"Wanatema divai?" mama akauliza.

"Mathe, hii ni wine tu, si ya church," akasema mwenzangu wa kaunta.

Nilijua neno la mama litakalofuata ndilo litakaloamua kama nitarudi hapa kesho.

Mwenye shamba, mwanamke wa makamo, hakuelewa kitu. Alinyoosha mkono kumsalimu. Mama akaushika, akaugeuza, akapapasa kiganja kigumu.

"Huyu analima," akasema. "Muulize nani anakata matawi."

Nikauliza kwa Kiingereza. Ni yeye na dada yake, kwa mkono, kila msimu wa baridi. Basi nikaendelea bila kuulizwa: udongo wa mawe, jua kali, mapipa ya mbao, zabibu zinazochumwa asubuhi kabla ya joto. Maneno yalinitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Nilikuwa na hofu, na bado nilikuwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu hatimaye nilikuwa nikimweleza yeye.

Mama akachukua glasi, akainusa kwa muda mrefu. Akairudisha mezani bila kuonja.

"Ni pombe," akasema. "Jumapili nitasimama tena, niwaambie nilikosea."

Nikainamisha kichwa, nikaanza kufungua aproni.

"Wacha hiyo, nyathina," akasema, yaani mwanangu, neno la Kijaluo analoniitia akiwa radhi nami. "Nitawaambia pia nimeshika mkono wa mwenye kuilima. Kesho usichelewe."