Pete za Darubini

Nakumbuka Jumamosi moja ya majani mekundu, mwanangu, nikiwa kijana ninayeishi peke yangu huku ughaibuni, kule Richfield. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa juu ya meza ya chakula na simu ilikuwa sikioni. Nilikuwa nampigia babu yako kule nyumbani Sikonge. Huku asubuhi, kwao jioni. Wiki iliyopita uliniuliza, kwa Kiingereza chako hicho cha Apple Valley, darubini ya bunduki ya bei nafuu ya kupigia mbali ishikwe na kitu gani. Nikakujibu kwa Kiswahili, njoo tuzungumze. Hukuja. Basi nakuandikia, na usome mpaka mwisho, maana mjomba wako hajawahi kujibu swali kwa neno moja.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kawaida, kitako cha plastiki, mtutu mnyoofu. Niliyoringia ilikuwa darubini. Ukichungulia ndani yake, jani lililo ng'ambo ya shamba unaliona mpaka mishipa yake. Pesa zikaishia kwenye vioo hivyo, na vya kuishikia nikaokota vile vilivyoning'inia karibu na mlango wa duka, vyepesi, vya kung'aa. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani; nilipofika uwanja wa shabaha ndipo nilipojua nimenunua nini. Risasi ya kwanza ilipiga katikati, ya pili ikaenda kushoto, ya tatu sijui ilikokwenda mpaka leo.

Aliyenipeleka uwanjani ni Njoroge, Mkenya niliyekuwa nafanya naye kazi hospitalini Saint Paul. Yeye alishakuwa mwindaji, kila Novemba yuko kaskazini na koti lake la rangi ya chungwa. Aliishika darubini kwa vidole viwili, akaitikisa.

"Buda, hii scope inacheza. Sasa uta-shoot aje na kitu inacheza?"

Mimi nikaapa kwamba kosa ni la vioo, nitauza nitafute vikubwa zaidi. Ndiyo sababu ya simu ile. Baba yangu aliwinda ujanani kwa gobore, nami nilitaka aniunge mkono. Nikamsifia darubini weee, mpaka nikaishiwa maneno. Yeye akanisikiliza, akakohoa kidogo.

"Jembe umelisifu vya kutosha. Mpini je?"

"Mpini gani, baba?"

"Kinachoishika hiyo darubini. Jembe lenye mpini unaolegea halilimi, mwanangu. Linamrukia mwenyewe mguuni."

Nilitazama vile vishikizo vyangu vya kung'aa nikaona haya. Sasa jua kwamba darubini hukaa juu ya kipande cha reli kilichofungwa kwenye bunduki, na hubanwa na vyuma viwili vya duara, kimoja mbele na kimoja nyuma. Vyuma hivyo huitwa pete. Simu ilikuwa inakatikakatika, kwa hiyo nikapaza sauti: "Nimekuelewa, baba! Basi leo natoka kutafuta pete! Pete mbili, nzuri, zisizolegea!"

Bibi yako alikuwa anapita na sinia la mchele. Alilolisikia ni pete. Mwanangu, kigelegele kilichopigwa Sikonge siku ile nadhani hata majirani zangu wa Richfield walikisikia. Nikamsikia baba akisema, "Mama Rukia, hebu sikiliza kwanza," na simu ikakatika.

Nilipiga tena na tena, haikuita. Kufika mchana simu yangu imejaa hongera. Mama yako aliniandikia kwamba anataka kusimamia harusi. Shangazi mmoja akauliza bibi harusi ni wa wapi na kama anajua kupika ugali. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilijua ni nani nitakayemvunja moyo. Bibi yako hakuwa mtu wa kuomba mengi. Hakuniomba nyumba wala gari. Alitaka jambo moja tu: kuniona na mke, macho yake yakiwa bado yanaona.

Kesho yake simu ikapatikana, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita baba aje ajichekee naye. Kisha akarudi kwenye simu.

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna, mama."

"Na mimi khanga ya bibi harusi nimeshampa yule binti wa jirani anayerudi huko masomoni. Yuko njiani."

Nikamwambia nitatafuta mtu wa kuirudisha. "Usiirudishe," akasema. "Iweke. Bunduki ikishapata pete, na wewe utapata."

Doti ile ilinifikia ikiwa bado inanukia karafuu. Imeandikwa: Subira yavuta heri.

Pete za chuma nilizipata. Bunduki ikatulia, risasi zikawa zinakaa pamoja, na Novemba ile nikasema bismillah nikampata swala wangu wa kwanza. Hawa wa huku wenye pembe kama matawi sisi tunawaita swala kwa kukosa jina, usinisahihishe. Tangu hapo kila nilipopiga simu nyumbani, kabla hata ya kuniuliza hali, bibi yako aliuliza, "Pete vipi?" Nami nilimjibu, "Zinashika, mama," tukacheka. Yeye anaulizia zile, mimi namjibu hizi. Utani huo tuliuzoea mno. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, kazi za zamu, kodi ya nyumba, mwakani, mwakani. Mama alinitumia subira yavuta heri, mimi nikaishi ngoja ngoja huumiza matumbo. Alipougua nilimpigia, sauti yake imekwisha kabisa, akauliza, "Pete vipi?" Nikamjibu vilevile. Hakucheka siku hiyo, na hatukuzungumza tena mpaka alipofariki.

Nina hamu na mama yangu, mwanangu. Siku nyingine nikiwa kwenye treni kutoka Saint Paul namsikia mtu akizungumza na mama yake kwa simu, nageuza uso dirishani. Ningepewa kurudia simu moja tu, ningeitaka ile ya swali lile.

Sasa jibu lako. Ukiwa na pesa kidogo, punguza kwenye darubini, usipunguze kwenye kinachoishika. Chukua reli moja ndefu ya chuma, iliyoinuka kidogo upande wa nyuma, maana bunduki ya kupigia mbali huhitaji hivyo. Pete ziwe za kipenyo cha darubini yako hasa, si cha kukaribia. Zikae chini kadiri inavyowezekana, ila kioo cha mbele kisiguse mtutu. Skrubu uzikaze kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, kwa bisibisi ile inayopima nguvu. Njoroge anayo, nitakuazimia uje uichukue kwangu. Usikaze kwa hasira, kitu kizuri hupasuka kwa kukazwa na mwenye hasira. Kisha kabla ya msimu uzikague tena, baridi ya huku inalegeza hata urafiki.

Na haya ya chuma ndiyo mepesi. Vioo vya kuonea mbali utavipata kila duka, na wewe kuona mbali umejaliwa: kazi unaiona, nyumba unaiona, mwakani unauona. Nakuuliza alichoniuliza babu yako. Mpini je? Yule binti unayemshusha kituoni ukidhani mama yako haoni, nani anamshika? Usimwambie mwakani. Mwakani naujua mimi, tumeishi nao nyumba moja.

Khanga ya bibi yako ipo kabatini kwangu, vipande vyote viwili, haijakatwa wala kupindwa. Karafuu imekwisha harufu, nimetia nyingine. Ukija kuchukua bisibisi, uichukue na hiyo.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mtulivu na jicho la halali, akurudishe salama kutoka kaskazini, akupe wa kukufungulia mlango ukirudi. Nami siku moja nitakupigia nikuulize, "Pete vipi?" Tafadhali, mwanangu, usinijibu habari za bunduki.