Mstari Nilioagiza Ufutwe

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mchanga, akaumba moto, kisha akauruhusu mchanga uwe kioo. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake, na wote waliowafuata kwa wema. Namshukuru kwa macho aliyoniachia hadi umri huu, kwa kuwa kazi yangu yote ilikuwa ya macho, na ninachotaka kusimulia ni habari ya wakati macho hayo yalipotazama yasione.

Nilizaliwa pwani ya Kenya, nikasoma chuoni hadi nikahitimu Kurani, baadaye nikasomea umeme, na riziki ikanileta Kampala, ambako nimezeekea. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kukagua maombi ya hataza, hati inayozuia wengine kuiga kitu bila ruhusa ya aliyekibuni. Kwa asiyeijua kazi hiyo: mtu akibuni kitu, huandika maelezo yake, akakichora, na mwishoni akaandika madai, yaani sentensi zinazosema ni kipi hasa anachotaka kitambuliwe kuwa chake. Mkaguzi hukaa na karatasi hizo akijiuliza maswali mawili. Je, kitu hiki kimewahi kuonekana popote duniani? Na kama hakijaonekana, fundi wa kawaida angeweza kukifikia bila kuumiza kichwa? Juu ya maswali hayo kuna sharti moja lisilo na huruma. Kile ambacho hakikuwamo katika karatasi za siku ya kwanza hakiongezwi baadaye, hata kiwe cha kweli namna gani.

Siku moja meza yangu ilipokea ombi la mama mmoja Mkongomani mwenye karakana Katwe. Alikuwa amebuni terminali ya kompresa.

Kompresa ya friji ni kama chungu cha chuma kilichozibwa pande zote, ndani mna mota na gesi. Umeme sharti uingie, na gesi isitoke. Mlango wa umeme huo ni kisahani cha chuma, kipana kuliko kizibo cha chupa ya soda kwa kidogo tu, chenye pini tatu, na kila pini imezungukwa na kioo kilichoyeyushiwa papo hapo. Kioo hicho kimeshika pini kwa ndani na kisahani kwa nje, hakipitishi umeme wala gesi. Nilikuwa nimekisoma kitu hicho miaka mingi, na bado kila nikikifikiria husema Subhanallah. Mchanga na chuma hutanuka kwa vipimo tofauti vikipata joto, navyo vimekubaliana kukaa pamoja pasibaki hata nafasi ya unywele.

Mama yule alikuwa fundi wa shanga za kioo cha chupa, yeye na mama yake, kabla vita havijamtoa Kivu. Katwe alipata chumba jirani na mafundi wa friji. Aliona terminali mbovu zikitupwa, akaokota moja, akaitazama, akaona kwamba kile kioo ni ushanga tu uliovishwa pini. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake, karibu neno kwa neno, katika ukurasa wa kwanza wa ombi. Alizisafisha pini zile zile za zamani, akaponda chupa, akayeyusha unga wake kwenye tanuri la makaa. Wateja wake wa kwanza walikuwa wauza samaki wa Ggaba, ambao friji zao hazikauki maji, na maji hula terminali upesi.

Aliambatisha barua fupi. Mfanyabiashara mmoja wa Nateete, muuza vipuri vya friji, alikuwa amechukua sampuli zake kwa ahadi ya kumtafutia soko, na sasa anasema atazitengenezesha nje ya nchi kwa maelfu. Kama mama ana neno, akasema, alete karatasi. Barua kama hiyo haina nafasi katika ukaguzi. Niliisoma mara moja nikaiweka nyuma ya jalada, lakini haikunitoka kichwani. Karatasi aliyoambiwa alete ilikuwa mezani kwangu.

Nilifanya kazi yangu. Nilipata hati za nchi za mbali, za zamani kuliko mimi, zenye kisahani kama hicho, pini tatu kama hizo, kioo kama hicho. Dai lake halikuwa jipya. Nilimwandikia hivyo kwa adabu. Kisha, kwa kuwa napenda mchoro safi, nikaongeza jambo la pili. Katika michoro yake, kwenye shingo ya kioo cha kila pini, palikuwa na mstari mwembamba uliozunguka kama mkanda. Maelezo hayakuutaja popote. Niliandika: mstari huo uelezwe, au uondolewe. Nikapiga muhuri.

Baada ya wiki kadhaa ilikuja michoro mipya, imechorwa kwa rula, safi, bila mstari. Niliridhika. Mungu anisamehe, niliridhika kabisa.

Kisha akaja mwenyewe. Karani wetu, Muganda mwenye ulimi mwepesi, alichungulia mlangoni.

"Ssebo, yule nyabo, mama wa vioo, amefika. Amebeba mfuko wa vyuma unagonga kama mtu anahama na masufuria. Nimemwambia ofisi hii inakula karatasi tu."

"Mlete, na vyuma vyake."

Aliingia mama mnene wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, ncha za vidole zimeng'aa kwa makovu ya moto. Aliketi ukingoni mwa kiti, mfuko mapajani, akaniita papa, yaani baba, kama waitavyo kwao.

"Papa, nisamehe. Nimekuja kuuliza kama ninaweza kurudisha ule mstari."

"Mstari upi, mama?"

"Ule wa shingoni. Barua ilisema nieleze ao nitoe. Nikatoa."

"Ndiyo, kwenye mchoro. Nimeona."

"Kwenye mchoro, na kwenye kioo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwenye kioo? Nani alikuambia utoe kwenye kioo?"

"Barua ya serikali, papa. Iko na muhuri. Mimi ni mkimbizi. Nichore kitu kimoja na kutengeneza kingine? Si ingekuwa uongo?"

Katika miaka yangu yote nilikuwa nimeandika barua nyingi za kurekebisha michoro, na watu walirekebisha michoro. Huyu alikuwa amerekebisha maisha yake.

"Na sasa?"

"Tangu nitoe, zinavuja. Siyo zote, lakini nyingi. Wamama wa Ggaba wananirudishia. Mmoja ameniambia, maman, umeanza kutuuzia chujio."

"Huo mstari ulikuwa wa kazi gani?"

"Hauna kazi. Ni kiuno. Mama yangu kila ushanga alikuwa anaufunga kiuno, watu wakiuona sokoni wanajua ni wa nani. Ni alama yake. Mimi sijui kumaliza ushanga bila kiuno, mkono unafanya wenyewe. Ndiyo maana sikuandika. Alama ya mama yangu nitaiandika kwenye karatasi ya umeme, juu ya nini?"

Nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya kwenda kuona kwa macho. Alikuwa mtu wa sheria, asiyecheka kazini. Aliniruhusu kwa kichwa bila kuinua kalamu. Nikaswali adhuhuri, nikaenda Katwe.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichofunguka njiani, nyundo zikilia kulia na kushoto. Mama alipanga terminali kwenye bati safu mbili: za zamani zenye kiuno, na mpya zisizo nacho. Alizipasha moto zote, akaziacha zipoe, akazipasha tena, akaziacha tena, kama zinavyoteseka ndani ya friji inayowaka na kuzima. Sikumharakisha. Kisha akachukua bomba lenye mdomo wa mpira, akalifunga kwa terminali moja, akaitumbukiza kwenye beseni la maji, akaunga pampu ya baiskeli.

Fundi jirani, anayetengeneza majiko, aliacha kazi akaja kuegemea mlango. "Leo serikali imekuja kutazama maji."

"Na wewe tuliza nyundo yako," mama akamjibu, "papa anataka kusikiliza."

"Kusikiliza nini? Povu lina sauti?"

"Lisipotoka, hiyo ndiyo habari."

Ya kwanza ilikuwa isiyo na kiuno. Alisukuma pampu, na uzi mwembamba wa mapovu ukapanda kutoka kwenye mguu wa pini. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilitulia, ya nne ikavuja. Kisha akafunga yenye kiuno. Akasukuma hadi jasho likamtoka. Maji yalikaa kimya, hata nikaona uso wangu ndani yake, na ndevu zangu nyeupe. Akafunga nyingine yenye kiuno. Kimya. Nyingine. Kimya. Yule jirani alikuwa amekwisha kuchuchumaa pembeni ya beseni, hana mzaha tena.

Nikatoa kioo changu cha kukuzia, nikazitazama moja moja mlangoni penye mwanga. Kwenye zile zilizovuja niliona ufa. Ulianzia juu kabisa, pale kioo kinapokuwa chembamba kwa kupanda pini, ukashuka moja kwa moja hadi chini kwenye kisahani. Nikachukua zenye kiuno. Nikazisogeza karibu zaidi na mwanga. Nazo zilikuwa na ufa. Ulianzia pale pale juu, ukashuka vile vile, ukafika kwenye kiuno, ukaishia hapo. Katika kila moja. Kama mtu aliyefika kwenye kizingiti cha nyumba ya watu akakumbuka adabu.

Nilisema Subhanallah kwa sauti. Mama akashtuka, akadhani kuna ubaya.

"Njoo utazame," nikamwambia.

Alitazama muda mrefu kupitia kioo changu. Alipoinua kichwa alisema kitu kimoja tu: "Mama hakujua."

Na mimi sikujua, wala wale waliochora hati za nchi za mbali hawakujua. Bibi wa Kivu, ambaye hakuwahi kuwasha taa ya umeme nyumbani kwake, aliweka alama ili wateja wamtambue, na Mola akaificha ndani ya alama hiyo kazi ambayo isingehitajika hadi miaka mingi baada ya bibi huyo kuzikwa.

Lakini hofu ilinishika njiani nikirudi ofisini. Maelezo ya ombi hayakutaja kiuno hata kwa neno moja. Michoro mipya haikuwa nacho. Na nani aliyeagiza kiondoke?

Nilifungua jalada nikiwa bado nimevaa koti. Ofisi yetu ilikuwa na desturi moja ambayo vijana waliilalamikia kwa kujaza makabati: karatasi iliyokwisha kupokewa haitupwi, hata ikibadilishwa mara kumi. Nikafunua barua zangu mwenyewe, nikafunua michoro ya rula, na chini yake kabisa nikaikuta karatasi ya kwanza, yenye muhuri wa siku ya kupokewa. Kila pini, kwa mbele na kwa ubavu, ilikuwa na mstari wake shingoni, umechorwa kwa mkono ulioshiba, usio na shaka. Alichokichora siku ya kwanza alikuwa amekisema siku ya kwanza. Mdomo wake ulinyamaza, mkono wake haukunyamaza.

Nilimpelekea mkuu wangu karatasi hiyo, terminali mbili na kioo cha kukuzia. Alitazama vyote bila haraka.

"Mzee, ni wewe uliyemwagiza aufute?"

"Ni mimi."

"Basi liandike na hilo jaladani."

Nikaliandika, kwa mkono wangu, chini ya jina langu.

Mama alipokuja tena nilimweleza kwa utaratibu. Dai lake pana halikuwa na uhai. Terminali ya kawaida ilikuwapo duniani kabla yetu sote. Kilichobaki ni kiuno. Akikubali dai lake lipunguzwe hadi hapo, na michoro ya kwanza irudishwe, sioni cha kuzuia hataza.

Nilidhani angefurahi. Akatazama mikono yake.

"Papa, hicho kiuno siyo changu. Ni cha mama. Fomu inauliza nani amebuni. Nitaandika nini?"

Karani, aliyekuwa amesimama na majalada akijifanya hasikii, alisema, "Nyabo, watu huja hapa kudai vya wenzao, wewe unakataa chako."

"Mama yako," nikamwambia, "aliufunga kiuno ushanga wa kuvaliwa shingoni. Aliyekichukua akakipeleka mahali umeme unapopita ni wewe. Mbele ya sheria mbunifu ni wewe. Mbele ya Mungu mtaje mama yako kila siku, hakuna atakayekupinga."

Alifikiri. "Na yule wa Nateete?"

"Zisizo na kiuno atengeneze apendavyo, hakuna wa kumzuia. Zenye kiuno hawezi bila ruhusa yako."

"Kwa hiyo amebaki na machujio."

"Amebaki nayo."

Hapo ndipo akacheka kwa mara ya kwanza, akiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha akatoa mfukoni kifurushi kidogo cha kitambaa, akakisukuma juu ya meza. Nilijua ni zawadi, nikakirudisha bila kukifungua. Jalada likiwa wazi, mkaguzi hapokei hata kikombe cha chai. Hakununa. Alikirudisha mfukoni kama mtu anayeahirisha.

Hataza ilitoka. Nilisikia baadaye kwamba yule muuza vipuri alikwenda Katwe mwenyewe, akakaa kwenye kibao akisubiri zamu kama wateja wengine.

Miezi michache baada ya kustaafu, mama alinitafuta akanikuta nikitoka msikitini. "Sasa papa huna jalada," akasema, na akakitoa kile kifurushi. Ndani mlikuwa na tasbihi ya kioo cha kijani cha chupa. Alikuwa amemwuliza jirani yake Mwislamu idadi ya punje. Yeye, ambaye ni Mkristo, alikuwa amezitengeneza zote, na kila punje ameifunga kiuno.

Naitumia hadi leo. Kila ninapomtukuza Mola, ukucha wangu hutua kwenye kijia kile chembamba, nami hukumbuka kwamba nilikiona, nikaagiza kifutwe, na Yeye akakihifadhi katika karatasi ya chini kabisa.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona alichokiweka mkononi mwa mwenzako, akurudishie kila chema ulichokifuta bila kujua, na kila ufa utakaoingia nyumbani kwako auwekee mahali pa kuishia. Amina.