Wasifu wa Mama Ndani ya Laptopu Iliyojifunga

Nilianza kupiga chapa kwenye taipureta za chuma, zile ambazo ukikosea herufi unaisikia mpaka kwenye mfupa wa kidole, na tangu siku hizo hakuna mashine iliyowahi kunitisha. Nasema mapema ili usidhani unasoma habari za mama mmoja wa Iyunga aliyezidiwa na kompyuta. Kompyuta ilinipiga mara moja tu, na mechi ya marudiano nilishinda.

Mtaani kwetu najulikana kwa wasifu. Mtu akifiwa, hata turubai halijafungwa, anakuja kwangu na daftari ili nimwandikie habari za marehemu zitakazosomwa siku ya mazishi. Nimeandika uongo mwingi sana. Marehemu wote wa Iyunga walikuwa wacheshi, wachapakazi na wapenda watu, hata yule aliyepita mlangoni kwangu miaka yote bila kunisalimia.

Mama yangu, anayeishi Kilolo katika nyumba tuliyozaliwa, alisikia uongo wa namna hiyo kwenye misiba mingi ya kanisani kwao, akaapa kwamba wasifu wake hautaandikwa na watoto. Juni moja ya baridi kali alinipigia simu. "Njoo na hiyo mashine yako," alisema. "Nataka niseme mwenyewe. Ninyi mtanipamba kama bibi harusi."

Nilikaa naye jikoni siku tatu, yeye kwenye kigoda karibu na moto, mimi na laptopu mapajani. Alisema Kihehe na Kiswahili vimechanganyika, nami nikaandika Kiswahili. Sharti lake lilikuwa moja: maneno yale yasichapwe kwenye karatasi wala kunakiliwa popote mpaka siku yake ifike. Kwa mama, karatasi yenye neno marehemu pamoja na jina la mtu aliye hai ni mwaliko, na kifo kikishaalikwa hakichelewi. "Yakae hapohapo," alisema. "Mahali pamoja." Mimi ninayewahubiria majirani kila siku waweke nakala ya kila kitu, niliitikia ndiyo mama. Ungemjua mama yangu, nawe ungeitikia.

Siku ya tatu alinipa jambo ambalo hakuna mtu mwingine hai aliyelijua. Kabla ya kaka yangu mkubwa, alizaa mtoto wa kike. Mtoto aliishi wiki sita. Baba alimwambia yaishe, wasimtaje tena, nao hawakumtaja. Lakini mtoto alikuwa na jina, jina la zamani la bibi yake mama, ambalo siku hizi halipewi mtu. "Siku yangu mtamtaja," mama alisema. "Nikishakwenda ndipo mumtaje, kwa jina lake, mbele ya watu." Niliandika, macho yananichoma, nikamwambia nitafanya hivyo.

Sasa niseme ugonjwa wa wapiga chapa. Maneno yanaingia masikioni, yanatokea vidoleni, na kichwani hayakai. Nimeshaandika kurasa mia za mtu na nisikumbuke hata kichwa cha habari. Jina lile nalo lilipita hivyohivyo. Sikuhangaika, kwa kuwa lilikuwa kwenye mashine, na mama alikuwepo.

Mwaka uliofuata mama alipata kiharusi. Alipona kwa kiasi chake: anakula, anaelewa kila unachomwambia, anacheka. Ila maneno hayatoki, na mkono uliolala ni ule wa kuandikia. Tangu siku hiyo jina la mtoto yule lilibaki mahali pawili tu hapa duniani, ndani ya kichwa cha mama ambacho hakiwezi kulitoa, na ndani ya laptopu yangu.

Nilikuwa nimezima masasisho ya laptopu hiyo tangu nilipoinunua. Sikuwa peke yangu. Huku kwetu mtu akinunua kompyuta leo, kesho swali lake la kwanza ni namna ya kuizuia isile bando. Kila ilipoomba kujisasisha niliijibu kesho, na kesho yetu hiyo ilimaliza miaka.

Aliyenizindua ni jirani yangu, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, tunayeimba naye sauti ya pili kwenye kwaya. Aliniona nikichomeka fleshi ya mteja, akashika kiuno. "Dada, hiyo mashine yako ni nyumba isiyo na komeo," aliniambia. "Kuna tundu limegundulika, wezi wanapita hapo, na dawa yake ilishatoka zamani. Wewe umelala na mlango wazi." Nilifikiria wasifu wa mama, nikaona aibu. Jumamosi asubuhi nilinunua bando la wiki nzima, nikafungulia masasisho yote, nikakaa pembeni nachambua mchele kwa raha ya mtu aliyetubu.

Ilishuka, ikajipanga, ikasema inazima na kuwaka. Ikazima. Ilipowaka ikaniletea skrini ya bluu na maneno kwamba ili kufungua diski niweke ufunguo wa kurejesha, namba arobaini na nane. Nilizima, nikawasha. Namba arobaini na nane. Nilifanya hivyo mpaka wali niliokuwa nimeupika ukapoa kwenye sufuria, na niwe mkweli, nilitukana, tena kwa Kihehe.

Jirani alikuja mbio, akapekua simu yake, akanipa habari ambayo hadi leo inanipandisha hasira. Sasisho lile lenyewe lilikuwa na kasoro. Waliolitengeneza walikuwa wameshakiri kwamba kwenye baadhi ya kompyuta linaifanya mashine imshuku mwenye mali kuwa mwizi na kujifunga, na walikuwa wameshaanza kuliondoa. Yaani miaka yote nililala mlango wazi na mwizi hakuja, na siku niliyofunga komeo ndiyo siku komeo lilininyima nyumba yangu.

Nilimpelekea fundi mmoja mjini. Hakuitazama hata dakika mbili. "Hii simpo, mama. Tunafuta vyote, tunaanza upya, inakuwa kama imetoka dukani." Niliichukua laptopu yangu mkononi mwake kabla hajamaliza sentensi. Kuna watu hawapaswi kuachiwa hata redio.

"Usiruhusu mtu aifute," jirani aliniambia niliporudi. "Vyote vimo, vimefungwa tu. Ufunguo unatunzwa kwenye akaunti iliyoifungua laptopu siku ya kwanza. Ulitumia imeili gani?"

Hapo ilibidi niungame. Siku ninanunua, nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Muuzaji aliniuliza imeili yangu, nikamwambia sina muda, weka yoyote ile, baba, nikimbie. Akaweka ya kwake. Jirani alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Mimi, mtaalamu wa mtaa mzima, nilikuwa nimeishi na funguo za nyumba yangu mfukoni mwa mtu mwingine, na nilimpa mwenyewe.

Wakati huohuo kaka yangu huyo mkubwa, anayekaa na mama, alikuwa akinipigia kutoka Kilolo kila jioni, anamwekea mama simu sikioni. Nilimsemesha, naye akanijibu kwa ile sauti yake ya koo. Sikumwambia kitu. Nilikuwa namwogopa kuliko nilivyomwogopa nilipokuwa na miaka saba.

Muuzaji alikuwa ameshafunga duka lake la mjini. Nilimuulizia kwa wenye maduka ya jirani, wakaniambia amerudi kwao Chimala kwenye biashara ya mpunga. Kesho yake nilipanda basi. Nilimkuta mashineni anakoboa, vumbi la pumba limemjaa kope na ndevu, mwanaume mzima anaonekana kama aliyepakwa unga. Kwao ni wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka kaskazini, na adabu ya kwao haijamtoka. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Sura naijua. Ulichukua ile nyeusi, ukaondoka mbio."

"Marahaba. Ndiyo hiyo nimekuja nayo, imejifunga. Wewe ndiye mwenye ufunguo."

Alizima mashine ya kukoboa, tukakaa juu ya viroba. Paswedi aliisahau. Tulipotaka kuibadilisha, namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini yake ya zamani, ambayo sasa imo kwenye simu ya mkewe, na mke yuko sokoni anauza vitunguu. Tulimsubiri. Mke alipofika alitaka kwanza aelezwe mimi ni nani na kwa nini natumiwa namba kwenye simu yake. Nilimheshimu kwa hilo. Laiti mimi ningekuwa mkali hivyo siku ile dukani.

Akaunti ilipofunguka, nilishika kichwa. Kila laptopu aliyowahi kuuza ilikuwemo humo, na kila moja ameipa jina ili asichanganye. Mchungaji. Mama wa Kuku. Mwalimu Mkali. Orodha ilishuka na kushuka. Watu wote hao walikuwa wamelala usingizi wao, na funguo zao zote zimo kwenye simu ya mkoboa mpunga ambaye hata paswedi haikumbuki. Angekuwa mtu mbaya, angeimaliza Mbeya nzima bila kuvunja kitasa.

"Na mimi uliniitaje?" nilimuuliza.

Akaona haya. "Mama wa Misiba. Samahani, mama. Ulisema unaandikia watu wasifu."

Nilicheka mpaka mkewe akacheka. Kisha nikamwambia jambo lililonipeleka pale, mama hasemi, jina la mtoto wake limo humo ndani. Sikupanga kumwambia, lakini mficha uchi hazai. Alifuta kioo cha simu kwa shati, akaanza kunisomea namba sita sita, taratibu kama anayehesabu ng'ombe wanapoingia zizini. Niliandika, nikamsomea nilichoandika, akasema sawa. Kabla sijaondoka nilimwagiza awatafute wateja wake wote, mmoja baada ya mwingine, kila mtu ahamie kwenye akaunti yake mwenyewe. Aliahidi, na najua alianza, maana Mama wa Kuku, ambaye alimpa namba yangu, alinipigia wiki ileile kuniuliza kama huyo mtu ni tapeli.

Nyumbani nilizichapa zile namba. Safari hii sikuvipa vidole uhuru. Nilitamka kila moja kwa sauti kabla ya kuigusa. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa hivyo muda wa kuniudhi, kisha ikaja picha ya maua niliyoizoea. Niliufungua wasifu, nikatelemka mpaka ukurasa wa nne, na jina lilikuwepo. Nililisema kwa sauti peke yangu sebuleni. Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Hapa sitaliandika.

Nilihamisha akaunti, nikaweka paswedi yangu, ufunguo nikauandika kwenye daftari langu la nyimbo. Masasisho sasa nayaruhusu, ila nangoja wiki moja wenzangu watangulie. Jirani akivuka salama, nami navuka. Kilichobaki ni nakala. Ningeweza kuinakili siku ileile, mama asijue kamwe, na mkono wangu ulishashika fleshi. Nikairudisha kwenye droo. Lile halikuwa jambo la kumfanyia mama kwa siri.

Nilisafiri mpaka Kilolo nimeipakata laptopu. Kondakta alipotaka kuiweka kwenye buti nilimtazama tu, akaenda zake. Nilimkuta mama nje ya jiko anaota jua, kaka pembeni yake anamenya viazi. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, kuzima kwangu masasisho, haraka yangu dukani, lile sasisho bovu, Chimala. Nikamwambia kwamba jina lilinitoka, na mahali pamoja hapatoshi. "Mama, naomba ruhusa ya nakala," nilisema. "Na kama utakubali, naomba niyasome maneno yako leo, ukiwa unasikia."

Mama aligonga laptopu kwa mkono wake mzima, mara mbili, vile alivyokuwa akigonga meza tulipochelewa kuanza sala.

Nikasoma. Kaka aliendelea na viazi vyake, akicheka mahali pa kuchekesha, mpaka nilipofika ukurasa wa nne. Nilisoma kwamba mama alizaa mtoto wa kwanza, wa kike, nikalitaja jina. Mama alifumba macho. Akagonga tena, nikalitaja tena. Nililitaja mara nyingi, sikuhesabu, kila alipogonga, na machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande ulio hai.

Kaka alikuwa ameshaweka kisu chini. Maisha yake yote amekuwa kifungua mimba wa nyumba hii, anakalia kiti cha baba, anatugombeza kwa haki ya kuzaliwa kwake. "Kumbe mimi ni wa pili," alisema polepole. Akamgeukia mama. "Mama, dada alilazwa wapi?"

Mama alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya jiko, kwenye kile kipande cha ardhi baina ya njegere na mahindi ambacho hakuwahi kuturuhusu tukilime, hata mwaka wa njaa, nasi tulikuwa tukisema mama ana ubishi. Kaka aliinuka, akachukua jembe, akaenda kupalilia.