Stata Iligoma, Tumpe Akanyamaza

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu. Sikusimuliwa na mtu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria, magari yaliyotumika yalipoanza kumiminika kutoka Japani, nami, mwanafunzi wa uzamili niliyetoka Morogoro kuchunguza udongo wa mashamba ya chai, nikajipatia pikapu. Nilipanga chumba Ikuti, Rungwe, kwa Tumpe na mumewe. Siku Tumpe aliposhikwa na uchungu, mumewe alikuwa Mbeya, hivyo nikampakia kumkimbiza hospitali Tukuyu.

Ukungu ulikuwa mzito. Bondeni, kwenye tope, injini ikazimika. Nikazungusha ufunguo: taa hazikufifia, ila stata ililia ta, mara moja, basi. Nilikisia kwamba betri ni nzima na kasoro iko kwenye waya mnene uendao kwenye stata. Kando yangu Tumpe alikuwa akilia bila kujizuia.

Nilipofungua boneti, mzee mwenye koti refu akatoka ukunguni. "Ugonile," akanisalimu. Papo hapo Tumpe akanyamaza. Nikachungulia ndani: amejifunika kanga gubigubi, ameteleza kutoka kitini, anauma pindo. Wewe usingeshuku? Nilidhani amemtambua jambazi.

Mzee hakulitazama gari. Alisimama ameligeuzia mgongo, akanishauri niziunganishe ncha za stata kwa spana, litawaka. Kwa nini anishauri hivyo, ilhali gari likiwa kwenye gia lingeruka na kunikanyaga? Nikatoa gia, nikavuta breki ya mkono, nikafungua kwanza waya wa hasi wa betri. Kweli, waya wa stata ulikuwa umelegea na kuota kutu ya kijani. Nikaukwangua kwa kisu, nikakaza nati, kisha nikaurudisha ule wa hasi. Nikamwomba mzee aingie azungushe ufunguo, nami nisikilize.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Humo yumo mkwe."

Mkwe wa nani? Nilizungusha mwenyewe, injini ikaunguruma. Akaomba lifti, akapanda nyuma. Niamini, nilikubali kwa sababu moja tu: afadhali nimwone kiooni kuliko aniandame ukunguni.

Njia nzima Tumpe hakutoa hata mguno. Nilipomwita, alinibana mkono tu. Tulipovuka daraja karibu na mji, akapiga yowe. Nikatazama kiooni. Nyuma hapakuwa na mtu, na mwendo sikuwa nimeupunguza.

"Kashuka," Tumpe akasema, kanga ingali usoni.

"Nani?"

"Baba wa mume wangu. Angenisikiaje nikilia?"

Nilijua kwamba huko mwanamke hukwepana na baba mkwe wake, hamtazami wala hapazi sauti mbele yake. Lakini baba mkwe huyo nilimjua kwa kaburi lake tu, nyuma ya migomba.

Mtoto alizaliwa salama. Mdomo wa Tumpe ulishonwa pale alipojiuma. Nimejaribu kila maelezo: labda ni sauti iliyofanana, labda mzee aliruka topeni. Hakuna linaloeleza mtu aliyejifunika alijuaje kwamba mzee kashuka. Tumpe hakupanda tena pikapu ile. Hata mwanawe alipougua homa alimbeba kwa miguu hadi Tukuyu, nami nikaendesha polepole nyuma yake, nikimsihi bure.

Gari likikugomea Rungwe, toa gia, fungua waya wa hasi, fanya kazi yako. Ila mtu akikuomba lifti, usihangaike kumchunguza yeye. Mchunguze mwanamke uliyempakia. Akijifunika, mwache huyo mtu atembee.