Soksi ya Mchele Kwenye Harusi ya Leokadia

Nianze kwa kukiri, maana hata nisipokiri mimi watakuambia wao: mpaka leo kuna watu hapa Ifakara wakikutana nami sokoni hawaniiti Skola, jina nililobatizwa, wananiuliza tu, "Vipi, wali umeiva?" halafu wanashika mbavu. Nami huwajibu, kwa sababu jibu nilishalipata zamani, lakini hilo nitakupa mwishoni, usiwe na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila msichana anayejipenda alikuwa na nywele za kalikiti kichwani na mikono ya gauni iliyovimba kama maputo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa, na nikikaa nimekaa, siku nikitembea sana nimefika dukani. Nilidhani mikasa inawapata wenye mizunguko, mpaka siku moja nikiwa naoga nikagusa kitu ndani ya titi la kushoto, kigumu kama harage (na nilikitafuta nikakikosa, nikakitafuta tena, mpaka mama akagonga bati la bafu kuuliza kama nimezama). Hospitali wakasema ni kivimbe cha kawaida, hakina ubaya, ila kitolewe. Kikatolewa. Namshukuru Mungu kwa hilo, na sehemu ya kulia nilishalia, kwa hiyo tuendelee na sehemu ya kuchekwa.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliniambia polepole kama anayemwambia mtoto, "Binti, umbo usilihangaikie kwa sasa. Patakuwa na uvimbe kidogo, halafu hiyo bandeji yenyewe ni nene. Lipe muda litulie. Ijumaa ya wiki ijayo uje, sista atafungua tuone." Maneno yote hayo, mimi nikabeba moja tu nikaenda nalo nyumbani: uvimbe.

Nyumbani kwetu kioo kilikuwa kile cha baba cha kunyolea ndevu, kimetundikwa juu, ukitaka kujiona kuanzia shingo kushuka unapanda juu ya ndoo. Basi nikawa mtu wa kupanda ndoo. Asubuhi ndoo, mchana ndoo. Titi la kushoto, na bandeji yake, na blauzi juu yake, limesimama mbele kama mwanafunzi anayejua jibu, na la kulia limekaa zake kama yule anayesinzia dawati la nyuma. Nikigeuka upande huu, mlima. Nikigeuka upande ule, uwanda wa Kilombero.

Ningevumilia, kweli ningevumilia, lakini kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni jirani yetu Mama Tedi, ambaye redio yetu ilipoishiwa betri hatukuona tofauti. Alimkuta mama bombani akamwambia mbele ya watu, "Pole jamani Mama Skola, nasikia kwa binti wamelikata lote." Mama akasema hapana, ni kivimbe tu. Mama Tedi akainamisha kichwa kwa huruma, ile huruma ya mtu asiyeamini neno hata moja, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Skola amebaki na moja.

La pili ni harusi ya Leokadia. Leokadia ni rafiki yangu tangu tukiwa tunachangia dawati, na alikuwa anaolewa na Deo, kijana wa Kisukuma anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, na mpambe wake alikuwa nani? Mimi hapa! Gauni langu lilishashonwa kabla ya kisu, satini ya rangi ya pichi, mikono ya puto, utepe mpana kiunoni, limebana kifua mpaka fundi mwenyewe alilisifia. Nilikuwa nalala na furaha ya gauni lile na kuamka nayo. Tena nilipiga hesabu yangu: nikitembea mbele ya kanisa zima nikiwa sawasawa kulia na kushoto, Mama Tedi amekwisha. Nikitembea upande, nimekwisha mimi, na hapa mtu akishasemwa ana kasoro hata mchumba wa kuja kuuliza njia haji.

Sasa ile Ijumaa ya kufunguliwa bandeji ilikuwa kesho yake ni harusi. Na hapo ndipo nilipofanya kauamuzi kadogo tu, kamoja: sikwenda. Nilimwambia mama nimekwenda, kumbe nilikuwa kwa Leokadia nasukwa na kucheka. Moyoni nilisema, wakifungua likaporomoka je? Afadhali mlima ninaoujua. Kazi ilibaki moja, kuupandisha uwanda.

Nilianza na pamba, ikalala. Nikajaribu kipande cha khanga, kikafanya mikunjo kama uso wa bibi. Nikaweka maharage ndani ya kitambaa, yakaonekana punje moja moja juu ya satini, ungedhani nina surua. Mpunga usinikumbushe, yale maganda yaliniwasha nikaruka kutoka kwenye ndoo. Ndipo nikakumbuka kwamba sisi watu wa bonde hili tukikosa kila kitu hatukosi mchele. Nikatoa soksi yangu nyeupe ya sekondari, ile yenye mistari miwili ya bluu, nikamimina mchele wa mama, ule wa kunukia anaouficha kwa ajili ya wageni, nikafunga fundo, nikapachika ndani ya sidiria upande wa kulia. Nikapanda ndoo.

Jamani! Ulikaa. Una uzito wake, unateremka kidogo nikiinama, unarudi nikisimama, unajipanga wenyewe! Nilijiangalia kushoto, nikajiangalia kulia, nikapiga kigelegele peke yangu mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Nafurahi tu, mama, harusi."

Asubuhi ya harusi kaka yangu Beno alinipakia kwenye baiskeli, nimekaa upande kwenye keria, gauni nimelikusanya mapajani, na jua la Ifakara unalijua, halimsubiri mtu afike. Hatujafika kanisani Beno akaanza kunusanusa. "Skola, hivi umekula wali asubuhi yote hii?"

"Endesha baiskeli."

"Mbona nasikia harufu ya wali?"

Ule mchele, ndugu yangu, ulikuwa umepata joto. Joto la jua, na joto langu mwenyewe la furaha, na jasho kidogo, na mchele wetu ukishapata joto na unyevu unafanya kazi iliyouleta duniani. Kanisani nilitembea mbele ya bibi harusi kama niliyemeza fimbo, sawasawa kulia na kushoto, nikamwona Mama Tedi kwenye benchi ananitazama kifuani, akahamisha macho upande mmoja, akayahamisha upande wa pili, akayarudisha, midomo imeachana. Ee Mungu wangu, raha niliyoipata! Sijui hata padri alihubiri nini. Nilichosikia ni Leokadia akininong'oneza nyuma ya shela, "Skola, wameshaanza kupika huko nje? Harufu inaniua kwa njaa." Benchi la pili mzee mmoja alikuwa anaangalia saa.

Tukatoka, tukaenda nyumbani kwa kina Leokadia ambako turubai lilikuwa limefungwa uani, spika zinaunguruma, na mshereheshaji, yaani yule msema chochote, ameshaanza kusema chochote. Ikaja zamu ya upande wa bwana harusi kuleta zawadi, na wenyewe walikuja kwa mstari, wanacheza, ndoo na vitenge kichwani, na mbele yao shangazi yake Deo, mama wa Kisukuma aliyeshiba, mwenye mikono ya kukamua ng'ombe wengi. Akamkumbatia Leokadia. Akamkumbatia mama yake Leokadia. Akanigeukia mimi.

"Shikamoo shangazi," nikasema nikirudi nyuma.

"Marahaba, mwanangu mzuri! Njoo hapa!"

Kidonda kilikuwa kushoto, kwa hiyo nikampa kulia. Akanibana kama anayebeba gunia. Nikasikia ndani, upande wa kulia, kitu kidogo kikisema *fu*. Fundo limeachia.

Mwanzo haikuwa mbaya, maana mchele ulishuka ukakwama kiunoni kwenye ule utepe, nikawa tu kama nina mimba ya ubavuni, nikaificha kwa shada la maua. Lakini muziki ulibadilishwa, msema chochote akapiga kelele, "Mpambe atuongoze! Mpambe, tunakuona, usitubanie kiuno!" na watu wote wakasimama. Sasa utafanyaje? Nikacheza. Nikacheza kama mtu anayebeba maji yaliyojaa, hatua ndogondogo, lakini utepe ni utepe, haukushonwa kuzuia chakula, ukalegea, na mchele ukaanza kuteremka mguuni, laini, bila fujo, ukitoka chini ya gauni na kuacha mstari mweupe nyuma yangu kila ninapopita.

Jogoo wa baba yake Leokadia ndiye aliyeona wa kwanza.

Akaja. Akaonja. Akaita wake zake. Nikizunguka meza ya keki nao wanazunguka, nikirudi kwa bibi harusi nao wanarudi, msafara wa upande wa bwana harusi ukiwa mbele na msafara wangu wa kuku nyuma, na mimi naendelea kutabasamu kwa sababu mpiga picha alikuwa amenielekezea kamera.

"Jamani!" Sauti ya Mama Tedi ilikata muziki. "Mpambe anavuja!"

Spika ikazimwa. Shangazi yake Deo akautazama ule mstari kwa heshima kabisa, akamuuliza Leokadia, "Ni mila ya huku?"

"Ndiyo, shangazi," Leokadia akajibu haraka (nitampenda mpaka kufa), "ni ya baraka."

"Basi tupeni na sisi tumwage!" Ingeishia hapo, nakuapia, ningekuwa nimeanzisha mila na heshima yangu iko palepale. Ila ile soksi nayo ikaamua kushuka. Ikadondoka miguuni kwangu, nyeupe, mistari miwili ya bluu, na jogoo akaingiza kichwa ndani.

Mama Tedi akasimama wima. "Si mnaona? Si nilisema? Wamelikata, akaweka mchele!"

Hapo sikucheka. Macho yalijaa nikawa sioni hata jogoo. Nilitaka kusema hapana, upande niliokatwa siyo huo, lakini ukijisikia unajiandaa kutoa maelezo hayo mbele ya watu wa parokia nzima, unanyamaza.

Nilishikwa mkono. Alikuwa sista Benadeta, muuguzi wa wodi niliyolazwa, naye alikuwa mwalikwa, na uso wake ulikuwa wa Ijumaa nzima ya kunisubiri. "Twende ndani," akasema. Shangazi yake Deo akafuata bila kuitwa. Tukafunga mlango wa chumba cha mama yake Leokadia, sista akanawa mikono, akafungua gauni, akashika bandeji iliyolowa jasho.

"Usifungue," nikamwambia nikilia. "Litaporomoka."

"Liporomoke liende wapi?"

Akabandua plasta. Akatoa pamba. Akatoa pamba nyingine. Akatoa kipande kingine cha pamba kilichokunjwa, akavipanga vyote kitandani, rundo zima kama mto wa mtoto. Kisha akachukua kioo cha mezani akanisimamishia mbele ya kifua, na mimi nikafumbua jicho moja.

Kushoto kulikuwa na mshono mdogo, safi, kama kope iliyofumbwa. Basi. Mengine yote yalikuwa vilevile. Kushoto na kulia, wote wawili wamekaa dawati la nyuma wanasinzia.

"Uvimbe ulishakwisha siku nyingi," sista akasema. "Ungekuja jana ungejua. Wewe ulikuwa unashindana na pamba yangu."

Nikaanza kucheka nikiwa bado nalia, na kamasi juu. Sista akaniwekea kitambaa chembamba kisafi, akaniambia Jumatatu nisipofika kutolewa nyuzi atakuja kunifuata na gari la wagonjwa, na linapiga king'ora. Shangazi yake Deo alikuwa amesimama mlangoni, ameweka mikono kiunoni, ametazama yote. Akatoka. Nikadhani amekwenda kutafuta maji ya kunywa.

Halafu nikasikia spika ikikwaruza.

"Haloo? Hii inasikika? Haya. Mimi ni shangazi yake bwana harusi. Sipendi mtoto wa watu asingiziwe. Nimetoka chumbani sasa hivi, nimeona kwa macho yangu haya mawili: mpambe ana matiti yake yote mawili, na yako sawa!"

Vikalipuka vigelegele, mama zangu, vigelegele ambavyo bibi harusi mwenyewe hakuvipata, na msema chochote, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa cha kusema, akaweka muziki.

Nilitoka. Ningekaa humo mpaka lini? Gauni lililegea kifuani kulia na kushoto, sawasawa, fundi angelia, na nikapita mbele ya Mama Tedi nikicheza kwa nguvu zangu zote, hatua kubwakubwa, hakuna kilichodondoka. Jogoo alikuwa amelala kivulini, ameshiba.

Tangu siku ile nikiambiwa njoo Ijumaa, Alhamisi usiku nimeshavaa viatu. Na mchele kwangu unakaa kwenye sufuria, hata soksi nazifulia mbali na jiko. Wakiniuliza sokoni, "Vipi Skola, wali umeiva?" huwa nanyoosha mabega nawajibu, "Umeiva, tena sahani zote mbili, asiyeamini akamuulize shangazi yake Deo."