Siku Nzuki wa Kasikeu Alipojibu Kesi ya Ushuru kwa Kisomali

Kuna mwanaume wa Kasikeu alisimama kizimbani akasahau Kiswahili.

Akasahau na Kiingereza, ingawa hicho hata zamani hakikuwa kingi.

Halafu akasahau Kikamba. Kikamba cha mamake!

Hakuwa amegongwa kichwa. Hakuwa amerogwa. Alikuwa amepewa ushauri.

Jina lake ni Nzuki. Ameniruhusu niandike, bora tu nisiweke picha. Basi vuta kiti.

Nzuki alikuwa na duka la pombe pale sokoni. Duka dogo, safi, wateja wa heshima, walevi wachache wa kudumu. Siku moja jamaa fulani na gari la Probox akamletea katoni za brandi kwa bei ya kutupa. Nzuki hakuuliza brandi imetoka wapi. Alisema asante, akapanga chupa kwenye rafu.

Watu wa ushuru wakaja.

Walikuwa wawili. Mmoja akatoa simu, akaielekeza kwenye ile stika ya ushuru iliyo juu ya kifuniko. Akaangalia simu. Akaangalia chupa. Akaangalia simu tena.

"Boss, hii simu inasema hapa ndani kuna maji ya kunywa."

Nzuki akakuna kichwa. "Si hata Kana ya Galilaya ilianza hivyo?"

Yule ofisa hakucheka. "Hata Kana, divai ingelipiwa ushuru."

Brandi ikabebwa. Duka likafungwa. Nzuki akaachiliwa kwa dhamana, akaambiwa afike kortini kujibu shitaka la kupatikana na pombe yenye stika bandia. Akauliza hukumu yake huwa nini. Akaambiwa ni faini ya kuuzisha mtu shamba, ama jela.

Alifika nyumbani akasimulia yote.

Mkewe Mutindi, mama wa kanisa kweli kweli, akamtazama akatingisha kichwa. "Mimi niliomba hilo duka lifungwe, sikatai. Lakini si hivi, baba. Si hivi."

Sasa hapo ndipo akatokea Ben.

Ben ni fundi wa simu. Hajasoma sheria, ila ameangalia sana video za sheria. Akamvuta Nzuki kando.

"Kesi haiwezi kusomwa kama mshitakiwa haelewi lugha. Uko na mimi?"

"Niko."

"Sasa wewe usielewe."

"Nisielewe nini?"

"Chochote! Wataahirisha watafute mkalimani. Wataahirisha tena. Mwisho watachoka, unaenda nyumbani."

"Lakini karani wa korti ni Mkamba, Ben. Ataniongelesha Kikamba."

Ben akafikiri. "Si uliwahi kubeba ng'ombe na lori kutoka Garissa?"

Ni kweli alibeba. Msimu mmoja tu, na muda mwingi alikuwa nyuma na ng'ombe. Kisomali alichorudi nacho ni maneno ya kuitisha chakula, kuuliza bei, na kuita kijana. Ben akasema hiyo inatosha kabisa.

Korti yenyewe iko huko juu Kilungu, kwenye baridi. Siku ya kwanza mambo yalienda kama dawa. Karani alimsomea Kiswahili, Nzuki akaangalia dari. Akamsomea Kiingereza, dari. Akajaribu Kikamba, Nzuki akajipiga kifua: "Soomaali!"

Hakimu, mzee mmoja mpole wa miwani, akasoma jina tena polepole. "Nzuki Kyule. Msomali?"

"Soomaali!"

Kesi ikaahirishwa kutafuta mkalimani. Ben alitamba sokoni kama yeye ndiye wakili mkuu.

Siku ya pili mkalimani aliyeitwa hakufika, gari lake liliharibika njiani. Nzuki alikuwa ameanza kutabasamu kidogo hivi, ndipo sauti ikasikika kutoka viti vya nyuma.

"Mheshimiwa, mimi ni Msomali. Ninaweza kusaidia."

Alikuwa mama mmoja anaitwa Timiro, mfanyabiashara wa mifugo, amekuja na kesi yake ya mbuzi walioibwa. Ushungi wa kijani, uso mkunjufu. Akaapishwa kutafsiri kila neno kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Nzuki akahisi jasho limeanza kushuka mgongoni. Kilungu, na ile baridi!

Timiro akamgeukia, akaongea Kisomali. Kisomali kirefu, kitamu, kimejaa adabu. Nzuki hakushika hata neno moja. Lakini korti nzima ilikuwa inangoja, na Mutindi kule nyuma alikuwa amefunga macho anaomba.

Akakohoa. Akasema kwa sauti ya mtu mkubwa:

"Shaah. Aano. Hilib."

Timiro akageuka. "Mheshimiwa, anasema chai, maziwa, nyama."

Hakimu akashusha miwani. "Ana njaa?"

"Sijui, Mheshimiwa. Mimi natafsiri tu."

"Mwambie chakula baadaye. Mwulize kama shitaka ameelewa."

Timiro akamwuliza. Nzuki akaona chakula kimekataa. Akatafuta kichwani, akakuta maneno yamebaki mawili tu. Akayatoa yote pamoja, akimtazama hakimu usoni:

"Warya! Imisa?"

Timiro akasita kidogo.

"Tafsiri, mama," hakimu akasema.

"Mheshimiwa... anakuita wewe kijana. Halafu anauliza ni pesa ngapi."

Korti nzima ikamgeukia Nzuki.

Mwendesha mashtaka, mama mwembamba wa suti nyeusi, akasimama mbio. "Mheshimiwa! Mshitakiwa anauliza bei ya korti, mbele ya watu wote! Hiyo si ni hongo?"

Nzuki alisikia hayo maneno yote. Kiswahili chake kilikuwa kizima kabisa huko ndani, kinapiga kelele.

"Mwulize," hakimu akasema polepole, "kama anajaribu kuihonga hii korti."

Timiro akauliza. Nzuki hakungoja hata amalize. Macho yalimtoka, mikono ikaenda kichwani, akapiga ukelele ule wa Mkamba aliyesingiziwa:

"Haaa!"

Timiro akashusha pumzi. "Anasema ndiyo."

"Haa? Haa! Haaaa!"

"Anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Hakimu akachukua kalamu.

Kalamu ilipogusa karatasi, lugha zote zikamrudia Nzuki kwa pamoja.

"Mheshimiwa, simamisha hapo! Sijasema ndiyo! Hiyo haa si ya Kisomali, ni ya kushangaa! Asi! Mimi nihonge nani na duka limefungwa?"

Weh! Korti ilicheka. Askari wa mlangoni aliegemea ukuta. Karani alijificha chini ya meza akijifanya ameangusha kitu. Mutindi peke yake hakucheka, alikuwa bado anaomba, sasa kwa sauti.

Hakimu alingoja watulie. Naye alikuwa anazuia kicheko.

"Bwana Nzuki. Kiswahili umejifunza lini?"

"Saa hii, Mheshimiwa."

"Unajua naweza kukufunga leo kwa kudharau korti? Hata hiyo brandi tukiiacha kando?"

Nzuki akashika mbao za kizimba. Akaona jela kabisa, na Ben akiwa nje anarekebisha simu za watu. Akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, Mheshimiwa. Niliogopa. Mtu akiogopa anaweza kuwa hata Mchina."

Hakimu akamtazama sana. Kisha akamwonya vikali, akasema shitaka lisomwe upya, na safari hii kwa Kiswahili.

Mwendesha mashtaka akasimama. Lakini hakusoma shitaka.

"Mheshimiwa, kabla hatujaendelea. Huyu ni mkosaji wa mara ya kwanza. Ofisi yangu iko tayari kumaliza hili jambo nje ya korti. Akikiri kwa maandishi, alipe ushuru na adhabu kidogo, brandi iharibiwe, mimi naondoa kesi."

Hakimu akashangaa. "Sasa mbona hukusema mapema?"

"Nilikuja na hiyo nafasi tangu ile siku ya kwanza, Mheshimiwa. Lakini lazima mshitakiwa aelewe anachopewa. Na huyu alikuwa Msomali."

Nzuki akajishika kichwa. Akajilaani kimoyomoyo kwa lugha zote.

Yaani zile siku zote duka limefungwa, wateja wamehamia mji wa Sultan Hamud, mwanaume hali wala halali, mlango ulikuwa wazi. Aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Alikiri siku hiyohiyo. Aliuza ng'ombe mmoja, si shamba. Kesi ikaondolewa, brandi ikamwagwa, Nzuki akatoka huru.

Nje alimkuta Timiro amekaa kwenye benchi anangoja kesi ya mbuzi wake. Akamsogelea kwa aibu.

"Mama, uliona kabisa sijui Kisomali. Si ungenifichia kidogo?"

Timiro akamtazama, akatabasamu, akamjibu. Kwa Kikamba. Kikamba safi, cha ndani, chenye methali, cha kumshinda Nzuki mwenyewe.

"Eka uvungu, Nzuki." Acha uongo. Akamweleza kwamba yeye alizaliwa na kulelewa Sultan Hamud, babake alikuwa na bucha pale karibu na reli, na Kikamba alikijua kabla ya Kisomali.

Nzuki akajipiga paja. "Kumbe tungeongea Kikamba tu!"

"Ungetaka kuongea ukweli," Timiro akasema, "tungeongea kwa lugha yoyote."

Sasa wewe unayesoma, sikiza. Kesi ya ushuru si kifo. Ukikosea, nenda useme nimekosea, mara nyingi watu wa ushuru wenyewe wanataka mmalizane mapema kuliko wewe.

Lakini kama ni lazima uende kortini na lugha ya kuazima, tafadhali ndugu yangu, ulizia kwanza "ndiyo" inasemwaje.